Je, Kosa la Makusudi Huchekesha? Historia Fupi ya Miigo ya Filamu za Gharama Ndogo

Utangulizi

Tukiwauliza wanafunzi wetu kwa nini sehemu fulani ya tamthilia inachekesha, wengi hujibu kwamba mwandishi ametumia kejeli. Tukiendelea kuwauliza kejeli hiyo imemlenga nani na imejengwa vipi, wengi hunyamaza. Jibu la kwanza limetaja mbinu tu. La pili ndilo ambalo lingekuwa uhakiki.

Makala haya yanachukua mfano ulio nje ya vitabu teule ili kulifafanua tatizo hilo. Mfano wenyewe ni filamu ambazo huiga, kwa nia ya kuchekesha, filamu kuukuu zilizotengenezwa kwa fedha kidogo. Swali letu ni hili: je, filamu hizo hufaulu kama futuhi? Tutaonyesha kwamba nyingi hukwama mahali pamoja, yaani zinapodhani kwamba kulirudia kosa la mtu mwingine kunatosha kuleta kicheko. Zile zinazofaulu huanza na kosa hilo, kisha zikaweka juu yake jambo ambalo mtazamaji analijali.

Mwigo ni nini?

Mwigo wa kuchekesha, ambao wahakiki wengine huuita parodia, ni kazi inayoiga waziwazi mtindo, wahusika au msuko wa kazi nyingine ili hadhira icheke. Jambo hili si geni. Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, anamtaja Hegemon wa Thasos kuwa mtu wa kwanza kutunga miigo ya namna hiyo huko Ugiriki. Mnamo 1605 Mhispania Miguel de Cervantes alichapisha sehemu ya kwanza ya Don Quixote, na ya pili ikafuata 1615. Humo aliwacheka waandishi wa hadithi za mashujaa wapanda farasi ambazo zilipendwa sana siku hizo.

Hebu tuzingatie jambo moja kuhusu Don Quixote. Hadithi zilizoigwa humo hazisomwi tena na watu wa kawaida, ilhali riwaya yenyewe bado inasomwa na bado inachekesha. Hapa tunapata kipimo cha kwanza: mwigo uliofaulu humchekesha hata mtu ambaye hajawahi kuiona kazi ya asili. Anayeifahamu kazi ya asili huongezewa ladha, lakini asiyeifahamu hafukuzwi mezani.

Filamu za asili zilitoka wapi?

Miaka ya 1930 nchini Marekani, kumbi nyingi za sinema zilionyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ilikuwa ya gharama kubwa na waigizaji mashuhuri. Ya pili ilitengenezwa haraka kwa fedha kidogo ili kujaza muda. Mwaka wa 1948 Mahakama Kuu Zaidi ya nchi hiyo ilitoa uamuzi uliozilazimu kampuni kubwa za filamu kuachana na umiliki wa kumbi. Runinga nayo ikaanza kuwabakiza watu nyumbani. Kampuni ndogo zikapata mwanya. Mojawapo ni ile iliyoanzishwa 1954 na ambayo baadaye ilijulikana kama American International Pictures. Kampuni hizo ziliwalenga vijana kwa hadithi za mazimwi, wageni kutoka sayari nyingine na wanasayansi wenye wazimu.

Bajeti finyu iliacha alama. Katika Robot Monster (1953), iliyoelekezwa na Phil Tucker, kiumbe kutoka mbali kinachotaka kuwaangamiza binadamu ni mtu aliyevaa ngozi ya bandia ya sokwe na kofia ya chuma kichwani. Katika Plan 9 from Outer Space, ambayo Ed Wood aliipiga picha 1956 na ikasambazwa 1959, nyota wa filamu ni Bela Lugosi, mwigizaji aliyekuwa amefariki kabla ya kazi kuanza. Wood alikuwa na vipande vichache tu vya picha zake. Sehemu zilizobaki aliziba kwa mtu mwingine aliyejifunika uso kwa joho, wala mtu huyo hakufanana na marehemu. Mwaka wa 1980 kitabu cha ndugu wawili, Harry na Michael Medved, kiliitangaza filamu hiyo kuwa mbaya kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Wood mwenyewe alikuwa amefariki Desemba 1978, akiwa fukara.

Tangu wakati huo watu wamejaa kumbini kuitazama na kuicheka. Swali la mhakiki ni hili: wanacheka nini hasa?

Kicheko cha asili ni kinaya

Jibu letu ni kwamba wanacheka kinaya. Wood alikusudia kutisha na kuonya. Alitaka kusema jambo zito kuhusu binadamu na silaha zake. Matokeo yakawa makaburi ya kadibodi yanayotikisika mwigizaji akipita. Kuna pengo kubwa kati ya lile alilolikusudia na lile tunaloliona, na kicheko kinazaliwa ndani ya pengo hilo. Pasipo nia ya dhati, hakuna pengo. Pasipo pengo, hakuna kinaya.

Mhakiki Mmarekani Susan Sontag aliligusa jambo hili katika insha yake ya 1964 kuhusu mvuto wa sanaa iliyopita kiasi. Alitofautisha kazi ambayo haijui kwamba inachekesha na ile inayojua na kukusudia. Kwa maoni yake, ile isiyojijua ndiyo safi, na ile inayojijua kwa kawaida hutosheleza kidogo kuliko mwenzake.

Basi tazama tatizo linalomkabili mwigaji. Anayatikisa makaburi ya kadibodi kwa makusudi. Lakini yeye alikusudia yatikisike, na yametikisika. Nia na matokeo vimelingana. Lile pengo lililotuchekesha limezibwa. Kosa la makusudi si kosa tena, ni pambo. Ndiyo maana filamu nyingi za aina hii huchekesha kwa dakika kumi za kwanza, halafu mtazamaji anaanza kuangalia saa.

Mfano wa kukwama: nyanya zinazoua

Attack of the Killer Tomatoes (1978), iliyoelekezwa na John DeBello, inaziiga filamu za mazimwi za miaka ya 1950. Nyanya zinageuka wauaji na serikali inahangaika kuzizuia. Wazo hili linachekesha likitajwa tu, na hapo ndipo penye tatizo. Ukishacheka jina la filamu, umeshacheka sehemu kubwa ya filamu. Wahusika ni bapa, na hawana wanachokitaka isipokuwa kutumikia mzaha unaofuata. Hatuna sababu ya kuhofia wala kutumaini.

Kuna tukio moja katika filamu hiyo ambalo watazamaji hawalisahau. Wakati wa kupiga picha, helikopta halisi iligusa ardhi vibaya, ikaanguka na kuwaka moto. Kwa bahati nzuri hakuna aliyefariki, na watengenezaji wakaiacha picha hiyo ndani ya filamu. Fikiria kinaya hicho, msomaji. Katika kazi iliyojaa makosa ya kupangwa, tukio linalokumbukwa kuliko mengine ni ajali ambayo haikupangwa.

Kwa haki, ni lazima tuseme kwamba filamu hiyo ilipata mashabiki, na filamu nyingine tatu zikatengenezwa kuiendeleza. Hata hivyo, kupendwa kwa wazo si sawa na kufaulu kwa futuhi. Mtahiniwa asiyachanganye mawili haya.

Mfano wa kufaulu: duka la maua

Mwaka wa 1960 Roger Corman alielekeza The Little Shop of Horrors. Sehemu kubwa ya picha ilipigwa kwa siku mbili tu, katika mandhari yaliyokuwa yamebaki kutoka kwa filamu nyingine. Hadithi inamhusu Seymour, kijana maskini anayefanya kazi katika duka la maua, ambaye anaotesha mmea unaotaka kunywa damu na kula watu. Filamu hiyo yenyewe ilikuwa na ucheshi, lakini ilikuwa kazi ya haraka haraka.

Mnamo 1982 Howard Ashman na Alan Menken waliigeuza kuwa tamthilia ya nyimbo mjini New York, na ikaendelea kuonyeshwa hadi 1987. Mwaka wa 1986 Frank Oz akaielekeza upya kama filamu. Zimwi la kuchekesha bado lipo, na mtindo wa filamu duni za kale bado umeigwa. Lakini Ashman aliongeza jambo moja muhimu: aliwapa Seymour na mpenzi wake Audrey haja ya kweli. Wanaishi katika mtaa wa ufukara na wanataka kutoka. Audrey anaota nyumba ndogo yenye ua, mambo ambayo mtu mwenye pesa hawezi hata kuyaita ndoto. Tunamcheka, kisha tunaona aibu kidogo kwa kumcheka.

Ushahidi wa kufaulu kwake tunaupata mahali pasipotarajiwa. Katika tamthilia, mmea unawala Seymour na Audrey wote wawili. Filamu nayo ilipigwa hivyo mwanzoni. Ilipoonyeshwa kwa hadhira ya majaribio, watu walicheka na kushangilia hadi wahusika hao walipokufa, kisha ukumbi ukapoa. Ikabidi mwisho upigwe upya, wapenzi wakanusurika. Oz alieleza kwamba jukwaani mwigizaji aliyeliwa hurudi mwishoni kuinama mbele ya hadhira, ilhali kwenye filamu harudi. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanatufundisha zaidi. Hadhira haiwezi kuhuzunikia kifo cha mhusika ambaye ni mzaha mtupu. Hakuna aliyewahi kudai kwamba nyanya zisipondwe.

Mhusika asijue kwamba anachekesha

Mfano wa tatu unahusu uigizaji. Airplane! (1980), ya Jim Abrahams pamoja na ndugu David na Jerry Zucker, ilijengwa juu ya Zero Hour! (1957), filamu kuhusu ndege ambayo marubani wake wanaugua kwa chakula kibovu. Filamu hiyo ya kale haikuwa duni kama Plan 9, lakini ilikuwa imesahaulika. Waigaji walinunua haki zake na kuufuata msuko wake kwa karibu. Kisha wakawachukua waigizaji waliojulikana kwa nafasi nzito, kama vile Leslie Nielsen, Robert Stack na Peter Graves. Hawa hutamka maneno ya kipuuzi kwa sura ya mtu anayesoma hukumu mahakamani.

Hapa lile pengo tulilolipoteza limerudishwa kwa ufundi. Mwelekezi anajua kwamba kuna mzaha, mhusika hajui. Kwa mhusika, ndege inaanguka kweli. Tena abiria wana jambo la kupoteza: tunataka kujua kama ndege itatua. Asiyejua chochote kuhusu Zero Hour! hucheka vilevile. Kipimo chetu cha kwanza kimetimizwa.

Lugha kama chombo cha mwigo

Walimu wa lugha watavutiwa zaidi na The Lost Skeleton of Cadavra (2001) ya Larry Blamire. Aliiandika, akaielekeza na kuigiza ndani yake. Imetengenezwa kwa gharama ndogo, kwa picha nyeusi na nyeupe, na inaiga moja kwa moja filamu za miaka ya 1950: mwanasayansi mwema, mwanasayansi mwovu, wageni kutoka sayari nyingine na mifupa inayozungumza. Nyuzi zinazoivuta mifupa hiyo zinaonekana.

Lakini kicheko chake hakitoki kwenye nyuzi. Kinatoka kwenye mazungumzo. Blamire aligundua kwamba filamu duni za kale zilikuwa na lugha yake maalumu. Mhusika hueleza jambo ambalo wenzake wanalijua tayari, hurudia neno lile lile mara tatu katika sentensi moja, na husifu sayansi bila kusema sayansi hiyo inafanya nini. Kwa istilahi zetu, kuna takriri, uziada na chuku. Mwandishi hakunakili makosa ya mtu yeyote. Alijifunza sarufi ya makosa hayo, kisha akatunga sentensi mpya kwa sarufi hiyo. Huo ni ubunifu. Hata hivyo, kuna wanaoiona ndefu kuliko mzaha wake, na hawajakosea kabisa, kwani wahusika wake hawana mzigo wa kihisia kama wa Seymour. Tunaifurahia kama tunavyofurahia malumbano ya mafundi wa maneno, lakini hatuulizi kesho yao itakuwaje.

Pingamizi

Msomaji makini anaweza kuuliza: je, hakuna kosa la makusudi linalochekesha lenyewe? Lipo. Black Dynamite (2009), iliyoelekezwa na Scott Sanders, inaiga filamu za bei ya chini kuhusu mashujaa weusi wa Marekani zilizovuma miaka ya 1970. Katika onyesho moja kipaza sauti kinaonekana ndani ya picha juu ya shujaa. Anakitupia jicho, lakini anaendelea kuigiza kwa ukali ule ule. Kwingineko mhusika anayatamka maelekezo ya jukwaa kana kwamba ni sehemu ya maneno yake.

Mbona haya yanachekesha? Kwa sababu kosa limegeuzwa kuwa shida ya mtu. Nyuma ya shujaa tunamwona mwigizaji wa kubuni, mtu wa miaka ya 1970 aliyepewa mshahara mdogo, asiyeruhusiwa kurudia onyesho kwa kuwa fedha za kupigia picha ni haba, na bado anataka kuonekana shupavu. Nia ya dhati imerudi, na pamoja nayo kinaya. Pingamizi hili, badala ya kuiangusha hoja yetu, linaitia nguvu.

Pingamizi la pili linahusu mapato. Grindhouse (2007) ya Robert Rodriguez na Quentin Tarantino iliziiga filamu za kumbi chakavu, pamoja na mikwaruzo ya picha na kipande cha filamu kinachodaiwa kupotea. Iligharimu zaidi ya dola milioni 50, na nchini Marekani ikapata takriban milioni 25. Je, hiyo ni hukumu? La. Filamu ya Tim Burton kuhusu maisha ya Ed Wood, iliyotoka 1994, nayo haikurudisha gharama zake, ilhali Martin Landau aliyeigiza kama Lugosi alitunukiwa Oscar. Mapato ni kipimo cha soko. Mhakiki anapaswa kurudi kwenye kazi yenyewe.

Utani na dharau

Tukifika hapa, tunaweza kutumia dhana tunayoifundisha katika fasihi simulizi. Tunawaeleza wanafunzi kwamba malumbano ya utani hufanyika kati ya watu wenye uhusiano unaotambulika: koo mbili, babu na mjukuu, majirani wa tangu jadi. Mtani ana ruhusa ya kukucheka kwa sababu anakujua, na msiba ukikufika atakuwapo. Mtu wa mbali akitamka maneno yale yale, si utani tena, ni dharau.

Tofauti hii inafafanua historia yetu yote. Burton alimcheka Wood kama mtani: alituonyesha kazi mbovu, lakini pia mtu aliyependa sinema kuliko uwezo wake. Mwigo wa dharau hucheka umaskini wa kadibodi. Mwigo wa utani hucheka ukubwa wa ndoto iliyojengwa kwa kadibodi.

Jirani zetu wametupa mfano mzuri. Mwaka wa 2010, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki zilitengenezwa mtaani, na waigizaji wengi walikuwa wakazi wa mtaa huo. Nakala iliyoenea duniani ina sauti ya VJ Emmie, ambaye anasimulia, anasifu na kutania juu ya picha. Desturi hiyo ilikuzwa na vibanda vya video vya Uganda. Hapa Kenya tunaifahamu kupitia kwa DJ Afro, anayesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani. Kicheko kinachotokea Wakaliga hakimdhalilishi mtengenezaji, kwa sababu anayecheka amesimama upande wake. Filamu na mwigo wake vimeunganishwa katika kazi moja.

Jambo hili linatuhusu sisi walimu moja kwa moja. Shule zetu nyingi huingia katika tamasha za drama na filamu zikiwa na maleba ya kushonwa upya na mapanga ya mbao. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba uduni wa vifaa ndio unaochekesha atawacheka wenzake kwa umaskini wao, na ataogopa kuthubutu. Aliyefunzwa kutazama nia, pengo na mhusika atacheka vizuri zaidi na kuandika vizuri zaidi.

Hitimisho

Je, miigo ya filamu kuukuu za gharama ndogo hufaulu kama futuhi? Hufaulu pale ambapo mwigaji anaelewa kwamba kicheko cha asili kilitokana na nia ya dhati, akairudisha nia hiyo kwa njia nyingine: kwa haja ya mhusika, kwa uigizaji usiojijua au kwa lugha iliyotungwa upya. Hukwama pale ambapo inaorodhesha makosa na kungoja tucheke.

Mtahiniwa anapokutana na sehemu ya kuchekesha katika matini yoyote, ajiulize maswali manne kabla ya kuandika neno kejeli:

1. Anayechekwa anataka nini, na kuna pengo gani kati ya analolitaka na analolipata?
2. Je, yeye mwenyewe anajua kwamba anachekesha?
3. Je, msomaji asiyeijua kazi inayoigwa atacheka?
4. Kicheko hicho ni cha utani au cha dharau, na ni maneno gani katika matini yanayothibitisha hivyo?

Anayeweza kuyajibu manne hayo kwa mifano kutoka kwenye matini ameshaanza kuhakiki.